Vikengele vya Matari

Kila akirudi kutoka shule, Najma aliosha vyombo, kisha akavaa hedifoni na kufanya mazoezi ya kaswida. Waliishi Kariakoo, juu ya maduka, na chini ya dirisha lao spika za wauza nguo zilitangaza bei kutwa nzima. Ili azishinde, Najma alifungulia sauti mpaka mwisho. Mwalimu Ummy wa madrasa alikuwa amemchagua kuongoza kaswida siku ya Maulidi, na hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

Kwenye simu ya mama yake kulikuwa na ikwalaiza, yenye vijiti vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba. Najma alivipanga mpaka vikengele vya matari vikasikika alivyopenda. Baadaye vikafifia. Akapandisha kijiti cha sauti nyembamba. Vikafifia tena, akapandisha tena, hadi kijiti kikagota juu.

"Mama, hedifoni zimekufa," alilalamika. "Kama zimefunikwa blanketi!"

Mama yake, Bi Zamda, akampeleka mtaa wa Gerezani, kwa fundi Nurdin.

"Shikamoo, fundi," Najma alisalimia.

"Marahaba." Nurdin alizichomeka kwenye simu, akazivaa, akazivua hapohapo, uso umemkunjamana. "Lo! Mbona zinachoma masikio hivi? Nani kapanga?"

"Mimi," Najma alijibu.

Fundi akarudisha vijiti vyote katikati, akampa Bi Zamda asikilize. "Vikengele unavisikia, dada?"

"Navisikia vizuri tu."

Ikawa zamu ya Najma. Alisikia ngoma, alisikia waimbaji. Vikengele hakuvisikia kabisa.

"Hedifoni ni nzima," Nurdin alisema taratibu. "Mpeleke mtoto hospitali, dada."

Daktari alimpima na hakuwaficha kitu. Kelele za hedifoni zilikuwa zimeharibu masikio yake. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kilindwe. Bi Zamda alilia mbele za watu.

Uongozi akapewa Huda, mwenzake wa madrasa, kwani anayeongoza hufuata vikengele. Siku ya Maulidi, pale viwanja vya Mnazi Mmoja, Najma alisimama safu ya nyuma, roho ikimuuma. Aliyaona matari yakitikiswa. Akaimba huku akitazama midomo ya wenzake.

Walipomaliza, Mwalimu Ummy alimkumbatia. "Ulikuwa unatengeneza hedifoni, kumbe ugonjwa uko masikioni," alisema. "Mwanangu, sauti ikififia usiipandishe. Ishushe, na useme nyumbani mapema. Hedifoni zinauzwa kila duka huko Kariakoo. Masikio hayauzwi."

Nyumbani, spika za chini zilikuwa zikipiga kelele kama kawaida. Najma akafunga dirisha. Siku zote lilikuwa linafungika.