Maji Yalipogeuka Mekundu

Maji yalipogeuka mekundu ghafla, wale wanafunzi wawili wa chuo walishangilia badala ya kukimbia. Hapo ndipo safari ilipoharibika.

Walikuwa juu ya jiwe katikati ya mto, wakipima usafi wa maji. Binti wa fundi cherehani alishika kipimo. Mwenzake, waliyemwita Twiga kwa urefu wake, alijaza chupa na kuzipanga kwenye boksi la barafu.

"Dada, tope limepanda! Ngoja nijaze nyingine."

"Fanya haraka. Mwalimu atafurahi huyo!"

Chuoni walifundishwa kwamba tope ni namba ya kuandika. Hawakuambiwa kwamba tope la ghafla, na jua linawaka, ni maji ya mvua ya milimani yanakuja bila hodi. Wazazi wenzangu, waambieni watoto wenu mapema.

Mto ukanguruma. Maji yakafika magotini, mara kiunoni. Gogo likamgonga Twiga pajani, damu ikamchuruzika.

"Mimi sijui kuogelea," akasema.

"Urefu wote huo?"

"Urefu hauelei, dada."

Binti akamwaga chupa zote mtoni, kazi ya wiki nzima, akakaza kifuniko cha boksi kwa mtandio wake.

"Kumbatia hili. Usiliachie hata likikung'oa meno."

"Na wewe?"

"Nakushika mkanda. Tusishindane na maji. Tuyafuate, huku tunasogea ukingoni."

Wakajitosa. Maji yakawapepeta kama mchele kwenye ungo. Binti akameza tope, akalitapika, akameza tena. Mawe yakamchuna magoti. Mawazoni akamwona mama yake ameinamia cherehani, hana habari.

"Niache," Twiga akalia. "Utakufa na mimi."

"Funga mdomo, piga miguu!"

Penye kona, mto ulipotanuka, wachimba mchanga wakawarushia kamba. Twiga akaidaka. Wakaburutwa hadi pakavu, wakitweta, na mchimbaji mmoja akavua shati kulifunga lile paja.

"Tumefika, dada," Twiga akanong'ona. "Achia mkanda."

Vidole havikufunguka. Ikabidi mchimbaji avikunjue kimoja kimoja. Hata mama yake alipofika mbio, kanga mkononi, na kumkumbatia, binti alikuwa bado ameng'ang'ania hewa, akiuliza:

"Mama, nimemshika? Hebu niangalizie, nimemshika?"