Mtungi Usio na Mwenyewe

Mtungi huo haukuwa na alama, na hapo ndipo Kalekye alipaswa kushtuka. Kwenye bomba la maji la Makina, Kibera, kila mtungi una alama. Huyu amefunga kitambaa chekundu, yule amechora msalaba kwa rangi ya kucha, na Awiti alichoma jina la mwanawe, Brandon, kwa msumari wa moto. Watu hupanga mitungi asubuhi, wakaenda kutafuta riziki, mtungi ukabaki kuwashikia nafasi. Kalekye, mama wa Kitui mwenye mdomo mkali, ndiye aliyekuwa akifungua bomba na kujaza, na sheria yake ilikuwa moja: mtungi haurukwi. Mwenyewe asipokuwepo, anajaziwa, unawekwa kando.

Bomba lenyewe lilikuwa na miezi mitatu tu. Kabla yake walikunywa maji ya mipira iliyopita ndani ya mtaro wa vyoo, na Hope, binti wa Kalekye wa miaka saba, aliponea chupuchupu kufa kwa kipindupindu. Kwa hivyo usingemwambia Kalekye neno baya juu ya bomba lile. Alilisugua kila siku kama sufuria ya mgeni.

Basi mtungi huo mweusi, usio na mfuniko, ukawa wa kwanza kwenye foleni. Kalekye akaujaza. Maji yakaingia, yakaendelea kuingia, hayakufika shingoni. Alipouinua ulikuwa mwepesi, na chini hapakuwa na tone. Ndani ulinuka tope la zamani.

"Umetoboka, huu," akasema, akauweka kando. Jioni haukuwepo. Asubuhi ukawa mbele tena, naye akaujaza tena, maana sheria ni sheria.

Siku ya nne Hope akashikwa na kiu.

"Mum, maji."

Akamaliza jagi. Akaomba lingine. Midomo ikapasuka, ulimi ukawa mweupe, na kliniki wakasema hawaoni ugonjwa, mtoto apewe maji kwa wingi. Apewe! Alikuwa anafanya nini kingine?

Kalekye akaanza kuwaangalia watu kwenye foleni mmoja mmoja. Nani analeta mtungi huu wa uchawi? Macho yakamwangukia Awiti, jirani yake wa ukuta mmoja, waliyeazimana naye chumvi na viberiti miaka sita.

"Mama Brandon, huu mtungi ni wa nani?"

"Mimi nitajuaje? Wangu si una jina?"

"Wewe ndiye hufika wa kwanza kila siku."

"Na nikifika naupata hapa! Yawa! Unaniona mchawi? Sema basi, watu wasikie."

"Kwani nimesema?"

"Macho yako yamesema, Mama Hope."

Hakuna hata mmoja kwenye foleni aliyemtetea. Wiki hiyohiyo Awiti akafunga virago, akamchukua Brandon, akahamia kwa dadake Kabiro, kule Kawangware, bila kuaga. Kalekye akajiambia kwamba mwenye hatia hukimbia.

Kesho yake mtungi ulikuwa palepale, mbele.

Loo, hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akainama asikilize shingoni mwake, na mle ndani akasikia koo likimeza, polepole, kama la mtu aliyetembea jua lote, likameza na kupumua na kumeza tena, na nyuma yake, pale Hope alipoketi na kikombe, akasikia mtoto naye akimeza, na kila koo la mtungi lilipomeza la mtoto likameza pamoja nalo, sawasawa, hata Kalekye hakujua tena ni lipi linaloanza na lipi linalofuata.

Akakimbia mbio hadi kwa Hajja Sauda, ambaye ukoo wake uliishi Makina kabla ya mabati haya yote. Hajja alimsikiliza, akashusha sauti.

"Hapo penye bomba, mlipomwaga saruji, palikuwa na kisima. Nyanya yangu hakuchota bila Bismillahi, na maji ya kwanza aliyarudisha ndani. Watu wa mradi wa bomba wamekifunika bila hata hodi. Sasa mwenye kisima anywe wapi? Amekuja kupanga foleni kama nyinyi."

"Si nimempa maji, Hajja?"

"Umempa kwa mkono wako. Anayemjazia ndiye mwenyeji wake, na mtoto wa nyumba hiyo ndiye kikombe chake. Mruke. Na kila aliyewahi kusimama foleni hii, popote alipo, umwambie asimjazie. Umenisikia? Kila mmoja."

Asubuhi Hajja akasimama kando ya bomba akisoma aya kwa sauti ya chini. Kalekye akauruka mtungi mweusi, akajaza wa pili. Harufu ya tope ikapanda hata watu wakaziba pua. Mtungi ukatikisika, ukaanguka wenyewe, ukabingirika kuelekea Soko la Toi, na njia ile ni ya kupanda mlima. Walioona hadi leo hawapendi kuulizwa.

Mchana Hope akasukuma kikombe. "Mum, nimetosheka." Kalekye akalia waziwazi, bila aibu.

Aliwaambia wote. Wote isipokuwa Awiti. Mara tatu alishika simu, mara tatu akairudisha mezani. Angeanzia wapi? Nilikuona mchawi, nisamehe? Kesho, akasema. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku ya tano simu ikaita yenyewe.

"Mama Hope, nimekasirika mpaka nimechoka," Awiti akasema, akacheka.

"Woi, Mama Brandon! Nisamehe, aki. Nilikosa. Kuna kitu lazima..."

"Achana nayo, imeisha. Ngoja nikuchekeshe. Watu wa huku hawana ustaarabu, mtungi wa mwenzako wanauruka tu! Nimewafundisha sheria yako. Juzi kulikuwa na mmoja mweusi mbele, wote wanauangalia. Nikasema mimi si mnyama, nikamjazia mwenyewe. Jana pia, na leo."

Kalekye akageuka kumtazama Hope.

"Mama Hope? Uko? Ngoja kidogo, Brandon anataka maji. Tena! Sijui huyu mtoto ana nini leo."