Ndoo ya Orville

Nzi wa kwanza alitoka ndani ya ganda la risasi, mwezi wa pili, Montana, theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya madirisha. Wendell Haugen alikuwa gereji mchana mweupe, anakagua maganda aliyokwisha kuyaosha mara tatu. Akapuliza moja kutoa vumbi, nzi akatoka. Mnene, wa kijani, mgongo umelowa. Akatua kwenye mdomo wa Wendell. Wendell akatema, akajifuta kwa mkono, akaendelea na kazi.

Mimi ningeitupa ndoo nzima palepale. Lakini nyinyi hamuwajui hawa watu wanaojijazia risasi za bastola nyumbani. Wakimaliza kupiga shabaha, wenzao wanakwenda kunywa kahawa. Wao wanatambaa kwenye majani wanadonoadonoa kama kuku, wanaokota maganda matupu. Wanayaosha, wanayang'arisha, wanapachika fataki mpya kitakoni, wanamimina baruti, wanakandamiza kichwa juu. Ganda moja linatumika mara kumi. Kulitupa kwao ni dhambi. Shaba ni shaba, wanasema, hata iwe imetoka wapi.

Maganda haya yalikuwa ya Orville Stenmark. Loo, mtu yule! Alijua kila kitu kuhusu risasi na alimkera kila mtu. Ukitaja "thelathini na nane" mbele yake, anasonya: "Si thelathini na nane. Pima." Na kweli, ukipima kichwa cha risasi ya jina hilo unakuta ni chembamba, hakifiki hata sehemu thelathini na sita kati ya mia za inchi. Zamani kichwa na ganda vilikuwa na upana mmoja, jina likawa halali. Baadaye mafundi wakakiingiza kichwa ndani ya ganda, kikakonda, jina wakaliacha lilivyo. Arobaini na nne nayo haifiki arobaini na tatu. Jina la Magnum, la risasi zenye nguvu zaidi, wameliazima kwenye chupa kubwa ya mvinyo. Orville mambo haya yalimuuma kama katukaniwa mama.

Alikata roho mwezi wa nane bandani kwake, akaanguka kifudifudi juu ya ndoo ya maganda. Siku kumi na tisa hakuna aliyemuulizia. Ndiyo, alichukiwa kiasi hicho. Joto lile, jamani! Banda lilipokuja kusafishwa watu walishika pua, vitu vyake vikatolewa bure kwa atakayetaka, na Wendell akabeba ndoo. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na kitu kama mchuzi wa nyama ulioganda. Alikikwangua kwa kijiko.

Kijiko cha nani? Cha Lorna, mke wake. Na maganda aliyachuja kwa siki ndani ya chujio la makaroni, la Lorna pia, yeye akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Akalisuuza, akalirudisha msumarini likiwa bado linadondosha maji. Ptuu!

Wiki ileile aliyotoka yule nzi, Lorna akapika makaroni na jibini.

"Mbona yana ladha ya sarafu?" akauliza.

"Mimi nayaona sawa tu," Wendell akasema, na hakuwa ameyagusa.

"Sarafu halafu tamu." Akajipakulia tena. Akajipakulia mara ya tatu, mwanamke ambaye sahani moja huwa inamshinda, na mwishoni akainua chujio akalamba matundu yake.

Wendell akacheka. "Una njaa leo, mama."

Kesho yake akiwa gereji anachambua maganda akasema peke yake, "Thelathini na nane, thelathini na nane, hii nayo thelathini na nane." Mtu akasonya nyuma ya sikio lake. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila harufu, ile ya panya aliyefia nyuma ya jiko, na juu yake utamu kama wa asali.

Baada ya hapo nyumba ilioza. Sina neno jingine. Nzi walijaa kwenye matundu ya funguo. Maziwa yaliganda kwenye jokofu siku ya kununuliwa. Ufizi wa Lorna ukaota mstari mweusi, pumzi yake ikawa haikaribiki. Daktari akapima damu, akapima madini ya risasi, akasema hana kitu. Alikuwa mwanamke safi, huyo Lorna, mtu wa kupiga pasi hata taulo za jikoni, na sasa analala na nguo za jana akinyonya kitu shavuni kama peremende. Wendell alipomwomba ateme, alitema ganda.

Ijumaa saa sita mchana hakumkuta kitandani, akamtafuta jikoni, akamtafuta bafuni, akafungua mlango wa gereji polepole kwa sababu nyuma yake palikuwa na sauti ya kulamba, sauti ya mbwa kwenye bakuli, na akamwona mke aliyeishi naye miaka thelathini na moja amepiga magoti sakafuni kichwa chote kikiwa ndani ya ndoo, mabega yanapanda na kushuka, nzi wamemfunika shingo mpaka kola haionekani, na alipomshika kiuno kumvuta alimkuta mzito ajabu, mzito na mlaini kama nyama iliyokaa juani, na Lorna akainua uso uliolowa ule mchuzi ambao Wendell alikuwa ameukwangua kwa mkono wake mwenyewe, akasonya, akanong'ona kwa sauti ya kiume:

"Si thelathini na nane. Pima."

Wendell alitapika juu ya viatu vyake.

Ndipo akamwita Verna Ostby. Verna alikuwa ameosha maiti za wilaya ile kwa miaka arobaini, pamoja na Orville, au kile kilichobaki cha Orville. Watu wa kule wangesema ni roho ya marehemu. Mimi nimekulia na habari za majini, najua kwamba mwili ukiachwa peke yake muda wote ule, kuna kinachokuja kuulalia. Verna hakujali kinaitwaje. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akanusa.

"Wendell, wewe ni mpumbavu."

"Niliyaosha, Verna. Mara tatu!"

"Kwenye vyombo vya jikoni?"

Wendell akageuza macho kuelekea jikoni.

"Yesu wangu! Mtu kaozea humo, wewe unachujia makaroni." Akaweka kikombe chini, akashusha sauti. "Sikiliza. Kilichokunywa maji ya maiti kinazikwa na maiti. Kila kitu. Na nilipomwosha, kiganja chake kimoja kilikuwa kimefumba, kigumu, nikakifungua kwa nguvu. Kitupu. Kuna kitu alikuwa amekishika, kikadondoka. Nadhani kimo humo ndooni. Ndicho anachokidai."

"Kuna maganda tu," Wendell akasema haraka.

"Una hakika? Huyo ni mke wako anaoza chumbani."

"Maganda tu, Verna. Nakuapia."

Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Waliwasha makaa juu ya kaburi la Orville tangu asubuhi ili udongo ulegee, wakachimba kwa mtaimbo, wakatia ndoo, chujio na kijiko. Verna akaomba kwa kifupi, bila madoido.

"Ndiyo yote?"

"Yote."

Jioni ileile nzi walianza kudondoka madirishani, wakafa. Lorna aliomba chai. Siku ya tatu alijiosha nywele mwenyewe, akamtukana Wendell kwa ajili ya chujio, na Wendell akalia kwa furaha ya kutukanwa. Siku ya nne aliimba jikoni.

Siku ya tano Wendell alijifungia gereji, akatoa kitu kwenye soksi.

Siku ya kwanza kabisa alikuwa amekikuta chini kabisa ndani ya ndoo, kwenye ule uchafu: risasi nzima, kongwe, ambayo haijawahi kupigwa, kichwa na ganda upana mmoja kama walivyotengeneza zamani hizo. Ungetafuta maisha yako yote usiipate. Nani azike kitu kama hicho? Mke si amepona? Akaibana kwenye kipimo, akasoma namba, akanong'ona:

"Thelathini na nane."

Akasikiliza. Hakuna aliyesonya. Akashusha pumzi.

"Hapo sasa umesema kweli," Lorna akasema mlangoni.

Amesimama na aproni safi, anatabasamu, na ufizi umekuwa mweusi mpaka kwenye meno. Nzi alitoka puani mwake akatembea mpaka mdomoni, na Lorna hakumfukuza.

"Mpe chake, mpenzi," akasema, na mara hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mtu anayeomba. "Wendell. Tafadhali. Nipe nikampe."

Akanyoosha mkono. Wendell akamtazama mke wake, akaitazama ile shaba, na kiganja chake kikafumba.