Jiwe Chini ya Makaa

"Ngamia amezaa," redio ilikoroma.

Maana yake jiwe la maandishi lililoibwa lilikuwa kwenye foleni ya malori.

Hulan aliichomeka redio yake ya Motorola ndani ya joho lake la manyoya, akabeba birika la chai na kuanza kupita kando ya malori. Mamia ya Howo yalijipanga jangwani Gobi, yamesheheni makaa ya mawe, yakisubiri kuvuka mpaka wa China. Baridi ilikuwa ya kupasua chuma. Yeye hakuisikia. Tangu baba yake apooze na kupoteza kauli, hakusikia kitu.

Bibi yake Hulan aliandika Kimongolia kutoka juu kwenda chini. Baba akafundishwa kukiandika kwa herufi za Warusi. Jiwe lile lilizitangulia zote: herufi za Kihindi, na ndani yake lugha ya kale iliyo ndugu wa Kimongolia. Baba alilisoma nusu ya umri wake. Mistari ya mwisho ilikuwa bado imegandamana na udongo, hajaifikia, wezi walipoling'oa.

Habari hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Kifaa kidogo kama kiberiti kilitetemeka kiganjani mwa Hulan. Chipu ya kufuatilia, iliyobandikwa nyuma ya jiwe kabla halijaibwa, ilikuwa inaita. Lori jekundu.

"Dereva anaitwa Choidog." Ilikuwa sauti ya Mzee Damba redioni, bosi wake wa polisi, aliyejificha na Land Cruiser nyuma ya kilima. "Amelifunga jiwe baruti za mgodini. Akishikwa anabonyeza, na ushahidi unakuwa vumbi."

"Kitufe kiko wapi?"

"Hatujui."

Choidog alikuwa ameegemea gurudumu, sigara mdomoni.

"Chai, kaka?"

"Ina chumvi, au umelilia humo?"

"Onja, uniambie."

Alilipokea bakuli kwa mkono wa kushoto.

Hulan akaona. Mmongolia hapokei chai kwa kushoto, labda awe hakulelewa. Au awe na kazi nyingine kwa mkono wa kulia. Wa Choidog ulikuwa umezama mfukoni.

"Mama yako angekuona unavyopokea, angekuchapa."

"Bega linaniuma. Kwani wewe unauza chai au adabu?"

"Chai. Adabu natoa bure."

Bastola ya Makarov ilikuwa kiunoni, lakini haikufaa kitu. Risasi moja, kidole kinakaza, jiwe linakwenda.

Akainama kuchukua birika. Akajifanya kuteleza kwenye barafu. Buti lake likatua juu ya buti la Choidog, kwa uzito wote.

Papo hapo akamnyooshea mkono.

Kwa Wamongolia, ukimkanyaga mtu mguu, mnapeana mikono. Watoto hufanya, walevi hufanya, mahasimu hufanya. Hakuna anayefikiri kwanza. Kwa ile chai Choidog alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakujiandaa.

Mkono wa kulia ukatoka mfukoni wenyewe.

Mtupu.

Aliutazama ndani ya kiganja cha Hulan kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Pingu zikalia.

"Umenikamata kwa malezi ya mama yangu," alisema taratibu.

"Nilikwambia natoa bure." Akakichomoa kitufe mfukoni mwa Choidog, akaigeukia redio. "Kitufe ninacho. Njooni."

Mafundi walizikata nyaya, wakafukua makaa, wakaliteremsha jiwe juu ya zulia la sufu. Hulan alipiga magoti, akaukwangua udongo kwa kisu mpaka mistari ya mwisho ikatokeza. Akaipiga picha, akamtumia muuguzi hospitalini: *Mwonyeshe baba.*

Jibu lilikuja akiwa bado amepiga magoti.

*Anaitazama. Midomo inacheza kama anasoma.*

Alilisoma jibu. Akalisoma tena.

"Unajisikiaje, binti yangu?" Mzee Damba aliuliza.

"Sijisikii, mzee."

Akainuka. Ncha ya buti lake ikaligonga jiwe.

Kabla hajafikiri, mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umenyooka, umelala juu ya zile herufi. Zilikuwa baridi. Safari hii aliisikia.

Mzee Damba aligeuza uso, akatazama malori.

Hulan akaokota birika lake, akaondoka.