Ng'ombe wa Ukutani

Mvua za vuli zilipoanza kunyesha Genkuru, Wangwe alitoa plau yake, akaifuta vumbi, akawafunga nira maksai wake wawili. Mmoja alikuwa mweusi. Wa pili aliitwa Madoa. Alikuwa mweupe mwenye mabaka meusi, na pembe yake ya kushoto ilipinda chini kuelekea jicho. Ukimwona mara moja, hutamsahau.

Mokami, mke wa Wangwe, alitangulia mbele akishika kamba. Wangwe alishika plau nyuma. Hivyo ndivyo walivyolima tangu waoane. Anayetangulia huona macho ya ng'ombe. Anayefuata huona mkia tu. Ndiyo maana Mokami alijua kabla ya mumewe.

"Baba Rhobi, simama kwanza," alisema. Rhobi alikuwa binti yao wa kwanza. "Madoa anafumba macho kila nira ikimgusa."

"Uvivu huo. Twende, mura!" Wangwe alimfokea ng'ombe kama anavyofokewa kijana wa Kikurya, akamchapa fimbo.

"Na shingo yake inanuka."

"Ng'ombe ananuka ng'ombe, Mama Rhobi. Ulitaka anuke nini?"

"Basi tuinue nira, tutazame."

"Tutatazama tukimaliza kulima. Mvua haitungoji."

Wangwe hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, usije ukamchukia bure. Alimpenda Madoa, na jioni alimwimbia akimrudisha bomani. Lakini mwaka uliotangulia walikuwa wamechelewa kulima. Wimbi lao, ule ulezi wa uji na ugali, lilikauka, wakala muhogo mtupu hadi watoto wakauchukia. Wangwe aliogopa kurudi kwenye njaa ile. Hofu ikimshika mtu, macho yake huona kitu kimoja tu.

Bwana Mifugo wa kijiji aliitwa Rubeni. Alikuwa mpole na mwenye bidii. Alikuwa ameona maksai wengi wenye vidonda vya shingo. Alisema mikutanoni, watu wakaitikia, wakaenda zao. Basi akaomba ruhusa ya kuchora picha kwenye ukuta wa duka la ushirika. Kila mtu alifika pale kununua chumvi na mafuta ya taa. Akamwita Bushiri, fundi wa kuchora vibao kutoka Tarime mjini.

Baba yake Bushiri alikuja kutoka Tanga kushona nguo, akakaa. Bushiri alikulia mjini. Alijua kuchora sinia la pilau kwenye ukuta wa hoteli hadi mate yakutoke. Ng'ombe hakuwajua sana. Kwake yeye, ng'ombe ni ng'ombe.

Akiwa njiani kuja Genkuru, alimwona maksai mmoja shambani mwenye pembe iliyopinda. Alimpenda. Alipofika alimchora yeye, akiwa chini ya nira, na kidonda chekundu shingoni. Kisha akapitisha mistari miwili minene myekundu juu ya picha nzima, ikakatana katikati. Maana yake ilikuwa, "Usifanye hivi." Chini aliandika maneno aliyopewa na Rubeni: WAFUGAJI WOTE MNAASWA KUZINGATIA KANUNI ZA UTUNZAJI BORA WA WANYAMA KAZI.

Asubuhi watu walijaa mbele ya duka. Wa kwanza kusema alikuwa Nyamhanga, jirani yake Wangwe. Huyo mdomo wake haukujua kupumzika.

"Jamani, huyu si Madoa wa Wangwe?"

"Ndiye. Tazama pembe."

"Na hii alama nyekundu?"

"Chapa hiyo," alisema mzee mmoja.

"Ng'ombe wetu hawana chapa ya namna hii. Labda ni ya watu wa ng'ambo ya mto."

"Kwa hiyo Serikali inamtafuta ng'ombe huyu!"

"Basi ameibwa," alisema Nyamhanga. "Lisemwalo lipo."

Maneno ya chini hayakuwasaidia. Wanakisomo, wale watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, walijaribu kuyasoma. Walifika kwenye MNAASWA, wakachoka.

Bushiri hakujua alichokifanya. Huku kwetu kila ng'ombe ana mwenyewe. Anajulikana kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa mama aliyemzaa. Ukimchora, umemtaja mtu. Na mtu akishaitwa mwizi wa ng'ombe, hana tena wa kumsalimu.

Habari ilimfikia Wangwe shambani. Hakuuliza mara mbili. Aliifungua plau, akaiacha pale pale. Maksai aliwaacha nirani, akawaswaga hadi dukani. Mokami alimfuata mbio.

"Nani ameniita mwizi?" Wangwe alinguruma. "Madoa alizaliwa bomani kwangu! Mama yake naye alizaliwa kwangu! Nionyesheni hiyo chapa!"

Watu walimzunguka Madoa. Walitazama paja, mbavu na masikio. Hawakuona kitu.

"Labda iko shingoni," alisema Nyamhanga. "Inua nira."

"Nainua! Tazameni wote!"

Wangwe aliinua nira juu. Watu wakasogea, wakainamia shingo.

Chapa haikuwapo. Palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kibichi, chenye usaha. Inzi waliruka, wakarudi. Kilikuwa mahali pale pale alipokichora Bushiri. Hata Bushiri mwenyewe, aliyekuwa amekuja na Rubeni kuona makelele ni ya nini, alishika mdomo, kwa sababu yeye alikuwa amekibuni tu.

Wangwe alibaki ameinua nira mikononi. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Aliona afadhali angeitwa mwizi, maana hilo angeweza kulikana.

"Sikujua," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamtazama mkewe. "Nilijua. Uliniambia."

Mokami hakumsema mbele za watu. Alivunja tawi, akaanza kufukuza inzi.

Rubeni alisogea. "Shikamoo, mzee Wangwe."

"Marahaba."

"Naomba nishike nira yako." Aliigeuza, akapitisha kiganja upande wa chini. "Nira hii ni mpya?"

"Niliichonga mwezi huu. Ile ya zamani ilivunjika."

"Mti ulikuwa mbichi. Umekauka, umepasuka. Na hapa pana fundo. Pitisha kiganja chako."

Wangwe alipitisha kiganja, akakirudisha haraka.

"Kama imekukwaruza wewe kwa kugusa tu," alisema Rubeni, "yeye anayevuta plau nayo imemfanya nini?"

"Sasa nifanye nini?"

"Chemsha maji yenye chumvi kidogo. Yakipoa, mwoshe kwa kitambaa safi, asubuhi na jioni. Nitakuletea dawa ya kuzuia inzi. Chonga nira nyingine kwa mti uliokauka. Ilainishe kwa kipande cha chupa, kisha ipake mafuta. Iwe pana, imkae vizuri, isimbane. Lakini kwanza Madoa apumzike. Asivae nira mpaka ngozi iote yote."

"Apumzike!" Wangwe alishtuka. "Na mvua hii? Nitalima na nini? Watoto wangu watakula kanuni zako?"

"Ukiendelea naye, funza wataingia. Atakufa. Hapo utakosa kulima na utakosa ng'ombe."

Wangwe alikaa chini kwenye ngazi ya duka. Machozi yalimlengalenga, na sioni aibu kuyataja. Mwanamume aliyeona watoto wake wakilala njaa anajua alivyokuwa.

Nyamhanga alikohoa. Akaja kukaa kando yake ngazini.

"Mura," alisema, "mimi ndiye niliyekuita mwizi. Mimi pia nina maksai. Chukua mmoja, umfunge na mweusi wako. Leo tulime kwako, kesho kwangu. Ujamaa usiwe wa kupiga makofi mkutanoni tu."

"Na ulimi wako utabaki nyumbani?"

"Huo tutakuja nao. Utatuimbia kazi."

Watu walicheka, na Wangwe akacheka kidogo. Hata hivyo picha ilibaki ukutani na mistari yake.

"Ndugu Bushiri," Rubeni alisema, "picha yetu ilikaribia kumfunga mtu."

"Mjini alama hii maana yake ni 'usifanye'."

"Hapa ni chapa," alisema Mokami.

"Basi nitaifuta yote. Nitachora ng'ombe wa bluu, asiye wa mtu yeyote."

Kicheko kilichotoka pale kilimfanya Madoa ainue masikio.

"Shemeji," Mokami alimwambia, "ng'ombe asiye na mwenyewe, nani atamwonea huruma? Leo tumetazama shingo kwa sababu tulimjua huyu ni nani."

Watu wote walimgeukia Wangwe. Alikwenda hadi ukutani, akaigusa ile pembe iliyopinda.

"Mwache Madoa," alisema. "Futa hiyo mistari tu. Mchore na mara ya pili, hapo pembeni. Huku mgonjwa, huku amepona. Atakayenicheka anicheke, lakini aone mwisho wake."

Bushiri alifurahi. Alichovya brashi kwenye rangi.

"Bado," alisema Mokami. "Bado hajapona. Ukimchora mzima leo, utakuwa umetudanganya. Nani atakuamini?"

Bushiri alirudisha brashi. Mokami aligeukia maandishi, akayafuata kwa kidole. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka ule.

"Na maneno yako, Bwana Mifugo, ni marefu. Nimeishia njiani."

"Tuandike nini, mama?"

"Aliyesema vizuri leo ni Nyamhanga. Amesema, 'Inua nira.'"

Kwa hiyo Bushiri aliandika upya, kwa herufi kubwa: INUA NIRA, TAZAMA SHINGO. Upande wa kushoto alibaki Madoa mgonjwa. Upande wa kulia alipaka chokaa, akauacha mtupu.

Ukuta ule mtupu ulifanya kazi kuliko picha. Kila aliyekuja kununua chumvi aliuliza, "Madoa hajambo? Mbona ukuta bado mweupe?" Mwanzoni Wangwe alipita njia ya nyuma ili asiulizwe. Baadaye watu walianza kumfuata bomani, wakamkuta ameshika bakuli la maji ya chumvi, anamwosha ng'ombe wake taratibu kama mtoto mchanga. Siku moja aliona funza kwenye kidonda. Alikimbia kumwita Rubeni, akiwa na hakika kwamba sasa ng'ombe amekwisha. Rubeni aliwatoa wote, akaweka dawa. Madoa hakufa.

Shamba je? Walilima na maksai wa Nyamhanga. Walianza alfajiri, wakafungua nira kabla jua halijawa kali, wakawapeleka ng'ombe mtoni kunywa. Kipande cha mwisho hawakukiwahi. Lakini wimbi lilipandwa kwa wakati, likaota vizuri.

Palizi ilipokwisha, ngozi ya Madoa ilikuwa imefunga. Nywele zilizoota pale kwenye baka jeusi zilikuwa nyeupe. Bushiri aliitwa tena. Alimchora Madoa akiwa ameinua kichwa, chini ya nira laini.

"Umesahau kitu," Wangwe alimwambia. "Hizo nywele nyeupe za shingoni. Ziweke."

"Zinaharibu rangi yake, mzee."

"Ziweke. Ndivyo alivyo."

"Sasa kweli ana chapa!" alisema Nyamhanga, na safari hii Wangwe alicheka kuliko wote.

Siku moja baada ya mavuno, Wangwe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka na kifurushi chake cha chumvi. Mzee mmoja mgeni alipita akitoka upande wa Nyakunguru. Maksai wake wawili walivuta mkokoteni wa kuni. Alisimama mbele ya ukuta. Herufi hakuzijua, kwa hiyo hakujishughulisha nazo. Alimtazama ng'ombe wa kushoto. Alimtazama wa kulia. Akarudi tena kwa wa kushoto.

Kisha aliwaendea maksai wake. Aliinua nira, akainama, akatazama shingo. Akapitisha kiganja chini ya mti, taratibu, akakunja uso.

"Ndugu," alimwita Wangwe, "huyu ng'ombe wa ukutani ni wa nani?"

Zamani kidogo swali hilo lingemfanya Wangwe atafute fimbo.

"Ni wangu," alijibu.

"Ni huyo huyo mmoja? Huyu mgonjwa na huyu mzima?"

"Ni huyo huyo."

"Ulimfanyaje?"

Wangwe alisimama, akajikung'uta vumbi.

"Wafungue ng'ombe wako wapumzike kwanza," alisema. "Kisha twende nyumbani. Mama Rhobi atakuonyesha, maana yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba anaumia."