Gari la Majina Mawili

Kila asubuhi kabla ya shule, Faikham alimsaidia mama yake, Rampha, kuwasha mkaa kwenye kibanda chao cha kuku wa kuchoma mjini Khon Kaen. Siku hizi alikuwa na kazi nyingine pia. Mwanamume wa shati la buluu akitokea, Mama aliinama nyuma ya chungu cha wali wa kunata, na Faikham alisema, "Mama hayupo."

Kazi hiyo ilimchosha kuliko kupuliza moto.

"Kila siku hayupo, na kuku wanajigeuza wenyewe?" yule bwana aliuliza siku moja. "Mwambie mkopo wa gari haulipwi. Kampuni itamshtaki, na hata kibanda hiki kinaweza kuondoka."

Alipokwenda zake, Mama aliinuka akishika kiuno. "Nahusika nini mimi? Gari analo baba yako. Tulipoachana, wazee wa pande zote walikaa mkekani wakaamua: Bunloet achukue gari na deni lake. Yakaisha."

"Na huyu bwana wa mkopo alikuwepo mkekani?"

Mama akaanza kugeuza kuku.

"Mimi nimechoka kudanganya, Mama. Siku hizi mwalimu akiita majina, ulimi unataka kusema sipo."

Mama alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Kesho yake wakaenda kwenye ofisi ya kampuni ya mkopo.

"Wazee tunawaheshimu," afisa aliwaambia, "lakini mkataba ni wenu na sisi. Mlisaini wote wawili. Mmoja asipolipa, mwingine anadaiwa deni zima, si nusu."

Walimkuta Baba kwenye foleni ya kiwanda cha sukari, amesinzia ndani ya pikapu iliyojaa miwa. Shada la maua la baraka, lililofungwa siku gari liliponunuliwa, bado lilining'inia kwenye kioo, limekauka.

"Miwa hailipi," alisema akitazama chini. "Niliona aibu kukuambia."

"Aibu yako imenikalisha nyuma ya chungu, baba Faikham."

Hawakugombana, hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana. Kampuni iliporidhia, gari liliuzwa. Bei haikutosha, nao wakachanga kilichopungua mpaka deni likafungwa. Faikham alilitoa lile shada mwenyewe. Aliwaonea huruma wote wawili.

Jioni hiyo Mama alimwambia, "Neno la wazee hutuliza mioyo, mwanangu, lakini halifuti sahihi. Ukiweka jina lako kwenye deni la mwenzako, limekuwa lako pia, mpendane msipendane. Na ukilikimbia deni kwa uongo, litakufuata mpaka jikoni. Nisamehe kwa kukufundisha uongo."

Wiki iliyofuata shati la buluu likatokea tena. Faikham alishtuka, kisha akakumbuka kwamba hawadaiwi.

"Mama yupo?" bwana aliuliza, akinusa kuku. "Leo nataka kununua tu."

"Yupo," Faikham alijibu kwa sauti. "Lakini hapa hatukopeshi."