Mahindi ya Mama na Bisi za Joséphine

Siku treni inapofika Kindu, Joséphine huketi karibu na stesheni na mbabula yake, jiko dogo la makaa. Huuza karanga na chai. Mwaka huu aliongeza bisi. Lakini kila alipokaanga, punje chache tu zilipasuka. Nyingine ziliungua na kubaki ngumu. Msafiri mmoja alimwuliza kama siku hizi anauza changarawe.

Onema, mumewe, alichoka. Alisema mahindi hayo madogo wapewe kuku yote, na shambani wapande mahindi makubwa ya bukari, yaani ugali.

Kwa Joséphine haikuwa rahisi hivyo. Mbegu hiyo ilikuwa ya mama yake. Wakati wa vita walikimbilia msituni, upande wa Lokandu. Mama aliacha vyombo vyote, lakini mbegu aliifunga kwenye kona ya kitenge. Huko hakukuwa na chumvi wala sabuni, ila bisi watoto walikula. Sasa mama hayupo. Kuku wakiyamaliza mahindi haya, mbegu yake imekwisha.

Akamweleza jirani yake Kavuo, mwenye duka, aliyetoka Butembo. Kavuo alitaka kujua kwanza mahindi yanakaa wapi. Joséphine akamwonyesha uchaga juu ya meko. Wadudu hawapendi moshi, kwa hiyo yalikaa pale tangu mavuno.

Kavuo akauma punje moja.

“Yaya, dada yangu, mahindi njo mazuri. Ila umeyakausha kupita kiasi. Ndani ya kila punje iko maji kidogo. Moto unayageuza mvuke. Ganda gumu linauzuia, mpaka linashindwa, linapasuka. Maji yakiisha, mvuke utatoka wapi?”

“Mbona ya mama yalipasuka?”

“Mulikuwa munalala na mvua. Huko msituni nini kilikauka?”

Joséphine akacheka.

Kavuo alimwambia pia kwamba mahindi yalitoka Amerika. Wenyeji wa huko walipasua bisi tangu zamani sana, kabla mahindi hayajavuka bahari kuja kwetu.

Wakajaza punje kwenye chupa, wakatia kijiko kimoja cha maji, wakafunga na kutikisa. Waliiacha siku kadhaa, wakiitikisa kila asubuhi, mpaka maji yote yakanywewa.

Kisha Joséphine akapasha mafuta na kutupia punje tatu za kujaribu. Zilipopasuka, akamimina nyingine, tabaka moja tu, akafunika. Aliacha upenyo mdogo wa mvuke, akawa anatikisa sufuria. Mlio ulipopungua, akaipua kabla hazijaungua.

Bisi nyeupe zikainua kifuniko. Onema alikula, akasogeza sahani aongezewe.

Siku hizi mbegu ya kupanda ndiyo hukaa kwenye moshi. Mahindi ya bisi yakishakauka vizuri kivulini, hutiwa kwenye chombo chenye kifuniko. Na msimu wa kupanda ulipofika, Onema mwenyewe alilima kipande cha mahindi ya mama mkwe.

“Na kuku wako?” Joséphine akamwuliza.

“Watakula yasiyopasuka,” akasema Onema. “Watakonda.”